Je, Ni Kosa Kumpima Mwuzaji?



Kila mwaka, mwezi wa Desemba ukikaribia, watu huanza kuulizana habari za nguo za Noeli, viatu vya watoto, simu mpya, na mchele wa Bonane. Zamani maulizo hayo yalitupeleka sokoni. Siku hizi wengi wetu hatutoki hata mlangoni. Twafungua simu, twatazama picha, twaandikiana na mwuzaji tusiyemjua, twamtumia pesa kwa simu hiyohiyo, kisha twangoja. Mara nyingi mzigo hufika. Mara nyingine haufiki, na mwuzaji haonekani tena.

Juu ya jambo hili nimesikia maneno ya namna mbili. Wengine husema: «Siku hizi usimwamini mtu. Kila anayeuza kwa simu ni mwizi.» Wengine hujibu: «Hapana. Mtu mwema hawadhanii wenzake mabaya. Ukianza kumwuliza mwuzaji maneno mengi, wamtukana.»

Nani ana haki? Swali hili laonekana dogo, lakini lagusa jinsi tunavyoishi na wenzetu. Tukiwafuata wa kwanza, hatutanunua wala kuuza, wala kusaidiana. Tukiwafuata wa pili, mali ya watoto wetu itakwenda mikononi mwa wadanganyifu. Nami sitaki kulijibu kama mtu asiyejua machungu yake. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mambo yaliyonipata

Mwaka jana kikundi cha wamama wa mtaa wetu, hapa Kalemie, walitaka kuvaa kitenge cha namna moja siku ya Noeli. Walikuwa wamama 31. Walinichagua mimi niwanunulie, kwa sababu mimi ni mwalimu wao wa dini, na kwa sababu najua kuandika na kusoma Kifaransa. Kila mmoja alileta dola 10. Wengine walizipata kwa kuuza ndagala, wengine kwa kuuza unga wa muhogo. Bibi mmoja mzee alileta franka zilizofungwa katika kitambaa, noti ndogondogo, akazihesabu mbele yangu mara mbili.

Sokoni kwetu kitenge cha namna ile, kipande cha yadi 6, kiliuzwa dola 18. Basi nikatafuta katika simu. Nikaona katika Facebook ukurasa wa mwuzaji aliyejitaja kuwa yuko Lubumbashi. Picha zake zilipendeza sana: vitenge vimepangwa katika rafu, rangi zote, duka safi, na msichana akicheka. Bei yake ilikuwa dola 10 kwa kipande. Nikafurahi mno. Nikaandikiana naye kwa WhatsApp. Alinijibu kwa adabu, akaniita «Mwalimu», akasema atanipunguzia gharama ya kusafirisha kwa sababu ni kazi ya wamama.

Jioni ile mke wangu aliniuliza neno moja tu: «Je, kuna mtu wetu Lubumbashi aliyefika katika duka hilo?» Nikamjibu kwa ukali kidogo: «Mama, tusiwadhanie watu mabaya. Huyu ni mtu mwenye heshima.» Akanyamaza.

Nilituma nusu ya pesa kwanza. Kesho yake mwuzaji akaandika kwamba lori laondoka jioni ileile, na kama sitamaliza pesa, mzigo utabaki hata baada ya Bonane. Nikatuma zote, dola 310. Usiku ule picha yake ikatoweka katika simu yangu. Nilipompigia, hapakuwa na jibu. Nilipotafuta ukurasa wake, sikuuona tena.

Hapo lilianza kosa langu la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. Wamama waliponiuliza, niliwaambia: «Mzigo uko njiani.» Nilisema hivyo siku moja, siku ya pili, siku ya tatu. Niliona haya. Mimi ninayewafundisha watu, nitasemaje kwamba nimedanganywa kama mtoto? Siku ya saba yule bibi mzee alinitazama, akasema: «Mwalimu, mzigo hauko njiani. Sema tu.» Nikasema.

Walikasirika, ndiyo, lakini walinisikiliza. Kisha mmoja wao akauliza jina la ukurasa ule. Nilipolitaja, akashika kichwa. Wamama wa mtaa mwingine, akiwamo dada yake, walikuwa wametuma pesa kwa mtu yuleyule, siku nne baada yangu. Siku zile nne mimi nilikuwa nasema «mzigo uko njiani». Kama ningalisema ukweli siku ya kwanza, wale wengine wangaliokoa pesa zao.

Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya jibu nililompa mke wangu. Nilisema nakataa kudhania mabaya. Je, ulikuwa upendo kweli? Nikijichunguza bila kujipendelea, naona haukuwa upendo. Sikumpenda mwuzaji yule. Sikumjua hata jina. Niliipenda bei yake. Tena nilikuwa mvivu wa kutafuta mtu wa kumtuma. Uvivu wangu na tamaa yangu ya kitu rahisi niliviita jina zuri, nikamnyamazisha mtu aliyeniuliza swali la haki.

Neno la mwalimu wa zamani

Katika seminari tulisoma kidogo mafundisho ya Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefundisha Paris, Ufaransa, katika karne ya 13. Katika kitabu chake kikubwa, Summa Theologiae, auliza swali linalofanana na letu: jambo likiwa na shaka, je, tulifasiri kwa upande mzuri?

Jibu lake lina sehemu mbili, na watu wengi hukumbuka ya kwanza tu. Sehemu ya kwanza ni hii: tukimhukumu mtu, na hatuna hakika, tufikiri mema. Anayefikiri mema juu ya mtu mbaya huenda atadanganyika mara nyingi, lakini hajamdhulumu mtu. Bali anayefikiri mabaya juu ya mtu mwema amdhulumu, kwa maana amwondolea heshima yake bila sababu.

Sehemu ya pili ni hii: kumhukumu mtu ni jambo moja, kutafuta kinga ya ubaya ni jambo jingine. Tukitafuta kinga, yafaa tufikiri kwamba ubaya waweza kuwa mkubwa, kwa kuwa dawa inayoshinda ubaya mkubwa itashinda na ule mdogo. Tena asema kwamba kuhukumu vitu si sawa na kuhukumu watu. Kitu hakina heshima ya kudhulumiwa. Juu ya kitu, kazi yetu ni kutafuta ukweli tu.

Tazameni jinsi neno hili linavyotufungulia njia. Picha ya kitenge ni kitu. Bei ni kitu. Ukurasa wa Facebook ni kitu. Barua ya simu inayosema «umepokea pesa» ni kitu. Nikiuliza kama picha hii ni ya kweli, simtukani mtu. Namchukua mwuzaji kuwa mtu wa heshima, wala simwiti mwizi mbele za watu. Lakini pesa za wamama nazichunga kama kwamba mwizi aweza kuwapo.

Mambo haya twayafanya kila siku bila kuona haya. Usiku twafunga mlango, wala jirani hasemi kwamba tumemwita mwizi. Mvuvi wa Tanganyika huangalia mbao za mtumbwi kabla ya kuingia ziwani, wala fundi aliyeutengeneza hachukii. Mtunza pesa wa kikundi huzihesabu mbele ya aliyezileta, kama yule bibi alivyozihesabu mbele yangu. Kama ni hivyo kwa jirani tunayemjua tangu utoto, kwa nini tuone haya kumpima mtu tusiyeuona uso wake?

Kununua bila kuona si jambo jipya

Wengine hufikiri kwamba udanganyifu huu umeletwa na simu. Sivyo. Mwaka 1872, katika mji wa Chicago, Marekani, mfanya biashara mmoja jina lake Aaron Montgomery Ward alianza kuwauzia wakulima wa mbali kwa njia ya posta. Aliwatumia karatasi moja yenye orodha ya vitu 163 na bei zake. Mkulima alichagua, akaandika barua, kisha akaletewa vitu vyake. Wenye maduka ya vijijini walimpinga. Lakini mwaka 1875 aliwaahidi wanunuzi kwamba mtu asiyeridhika atarudishiwa pesa zake. Ahadi ile iliwasaidia wakulima kumwamini mtu wasiyemwona.

Na katika mwaka uleule wa 1872, baraza la sheria la Marekani liliweka sheria ya kuwaadhibu wanaotumia posta kudanganya watu. Basi mwaka mmoja uliona biashara njema ya mbali, na sheria ya kuwakamata wadanganyifu wa mbali. Tangu zamani mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Kila njia mpya ya kuuza huwafungulia wezi njia mpya vilevile.

Kwetu njia mpya ni pesa za simu. Zilianza kwa jina la M-Pesa katika Kenya mwaka 2007, na hapa Kongo M-Pesa ilifika mwaka 2012. Leo twatumia pia Airtel Money na Orange Money. Zimetusaidia sana. Mtu aliye Kolwezi aweza kumtumia mama yake aliye Moba pesa ya dawa kwa dakika moja. Lakini wepesi huo una hatari yake: pesa ikiisha kufika, na mwenye kuipokea akiisha kuitoa katika kabini, ni vigumu mno kuirudisha. Ndugu zetu walio Ulaya au Marekani, wakinunua kwa karta ya benki, mara nyingi waweza kuilalamikia benki na kurudishiwa. Anayetuma kwa simu hana kinga hiyo. Kwa hiyo sisi yatupasa kupima mbele, kwa maana nyuma hakuna kamba ya kuvutia.

Kwa nini wezi hupenda siku za Noeli?

Wanazipenda kwa sababu tatu.

Kwanza, pesa ziko. Watu wameweka akiba, vikundi vimegawana michango yao, na ndugu walio mbali wametuma kitu.

Pili, haraka iko. Noeli haingoji. Mtu anayenunua mwezi wa Julai aweza kusema: «Nitafikiri.» Mtu anayenunua tarehe 20 Desemba huogopa kuchelewa. Mwizi ajua hivyo, naye huiongeza hofu ile: lori laondoka leo, vimebaki vitatu tu, bei itapanda kesho. Wahenga walisema: haraka haraka haina baraka.

Tatu, upendo uko. Twataka watoto wetu wafurahi. Baba anaona haya mtoto wake akivaa nguo ya mwaka jana. Mwizi hutumia kitu chema kilicho ndani yetu, kama mvuvi anavyotumia chakula katika ndoana.

Hayo si ya kwetu peke yetu. Katika Marekani wauzaji wameweka hata siku ya pekee ya kununua kwa intaneti, Jumatatu inayofuata sikukuu yao ya Shukrani ya mwezi wa Novemba. Jina lake, Cyber Monday, lilitungwa mwaka 2005. Polisi ya FBI nayo ina ofisi tangu mwaka 2000 ya kupokea mashtaka ya watu walioibiwa kwa intaneti, na sikukuu zikikaribia huwaonya watu juu ya mzigo uliolipiwa usiofika. Kumbe nchi tajiri na nchi maskini zalia kilio kimoja.

Namna zao za kudanganya

Yafaa kuzijua, kwa maana mtego uliojulikana haumnasi ndege.

Iko namna iliyonipata mimi: duka lisilokuwapo, picha zilizoibwa kwa mtu mwingine, bei ya chini mno, na pesa kutangulia.

Iko namna ya barua ya uongo. Unauza kitu, mnunuzi akuletea barua ya simu yenye kuonyesha kwamba amelipa. Au mtu akupigia akilia kwamba amekosea nambari, pesa imeingia kwako, umrudishie. Barua ile ameiandika mwenyewe. Pesa yako haikuongezeka hata franka moja. Ukimrudishia, wampa pesa yako mwenyewe.

Iko namna ya mzigo. Waletewa barua: «Mzigo wako umefika, lipa ushuru kidogo hapa.» Kiasi ni kidogo, nawe kweli wangoja mzigo, basi wabonyeza. Kumbe wanachotaka si ule ushuru mdogo. Wanataka nambari za karta yako au nambari yako ya siri.

Iko namna ya jina la kuigiza. Anwani ya duka linalojulikana huandikwa kwa kubadili herufi moja tu. Watu wengine hutazama alama ya kufuli kando ya anwani, wakasema: «Hapa ni salama.» Lakini kufuli ile yaonyesha tu kwamba watu wa njiani hawasomi unayoandika. Haisemi kwamba aliye upande wa pili ni mwaminifu. Hata mwizi aweza kuandika barua na kuifunga vizuri katika bahasha.

Na iko namna ya rafiki. Mwizi huiba WhatsApp ya mtu unayemjua, akakuandikia kwa jina lake, akauza kitu au akaomba mkopo wa Noeli. Hapo waamini jina, kumbe aliye nyuma ya jina ni mwingine.

Kumpima mwuzaji bila kumtukana

Basi tufanye nini? Baada ya msiba wangu niliwauliza wanaojua, nikajiwekea desturi hizi.

1. Nalinganisha bei. Sokoni kitu ni dola 18, naye asema 10, namwuliza sababu. Huenda iko sababu nzuri. Lakini asiyeweza kuieleza, simpi pesa. Rahisi mara nyingi ni ghali.

2. Naomba kuona kitu chenyewe. Namwambia mwuzaji: «Tafadhali, nionyeshe kitenge hiki kwa video sasa hivi, na kando yake uweke karatasi yenye jina la mtaa wetu.» Mwenye duka hufanya kwa dakika mbili. Mwenye picha za kuibwa hutafuta udhuru. Tena ziko programu zinazotafuta picha katika intaneti. Waweza kuona kama picha ileile iko katika maduka ya nchi nyingine.

3. Namtafuta mtu. Hakuna mji wa Kongo tusio na ndugu, au rafiki wa ndugu. Namwomba afike katika duka, alishike jambo kwa mkono. Swali la mke wangu lilikuwa hekima yote.

4. Nalipa mzigo ukiwa mkononi, ikiwezekana. Isipowezekana, nanunua kwanza kidogo, kipande kimoja tu, nione kama chafika. Na kama nanunua katika soko la intaneti lenye kushika pesa mpaka mzigo ufike, silipi nje ya soko lile, hata mwuzaji akinipunguzia bei. Anayekutoa sokoni ili akuuzie gizani, ana sababu yake.

5. Simpi mtu nambari yangu ya siri, hata akisema yeye ni wa kampuni ya simu. Wala sisomi barua ya pesa tu. Nafungua mwenyewe akaunti yangu, natazama kiasi kilichomo. Wala sibonyezi anwani niliyoletewa, naiandika mwenyewe.

6. Nikisikia neno «leo tu», «sasa hivi», nalala kwanza. Kitu kizuri cha kweli kitakuwapo kesho. Na kama hakitakuwapo, afadhali kukosa kitenge kuliko kukosa kitenge pamoja na pesa.

7. Pesa ikiwa ya wengi, siamui peke yangu. Nawaita watu wawili, twatazama pamoja, na mapatano yote twayaandika. Mali yangu mwenyewe naweza kuihatarisha, nikipenda. Mali ya yule bibi sina ruhusa ya kuihatarisha hata kidogo.

Mtu ataniambia: «Lakini mwuzaji mwema atachukia.» Nimeona kinyume chake. Anayechukizwa zaidi na wadanganyifu ni mwuzaji mwema, kwa maana wanunuzi wamemkimbia kwa sababu yao. Ukimwuliza kwa adabu, wampa nafasi ya kuonyesha kwamba yeye si kama wale. Kuuliza kwa adabu ni heshima. Kumwita mtu mwizi bila ushuhuda ndiyo dharau. Kati ya hayo mawili iko njia pana ya kutosha.

Juu ya aibu

Sasa nafika penye jambo lililonisukuma kuandika. Mtu akidanganywa, sisi hucheka. Twasema: «Mjinga. Ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Alitaka rahisi, ameyapata.» Tukisema hivyo twadhani tunawafundisha wengine hekima. Kumbe twafunga vinywa vya watu. Anayejua kwamba atachekwa hatasema. Asiposema, mwizi ataendelea mtaa wa pili, na wa tatu. Kicheko chetu ni mshahara wa pili wa mwizi.

Tutofautishe mambo. Dhambi ya wizi ni ya mwizi, yote nzima. Haipungui kwa sababu aliyeibiwa alikuwa mzembe. Aliyeacha mlango wazi hakuiba, ameibiwa. Uzembe nao ni kosa lake, hasa kama mali ilikuwa ya wengine, na yampasa kulipa. Mimi nalipa. Kila mwezi nawarudishia wamama kiasi, na kitabu cha malipo kinashikwa na yule bibi mzee. Lakini uzembe wangu ulikuwa umekwisha kutendeka, haukuweza kugeuzwa. Kunyamaza kwangu kulikuwa kosa jipya, nililolitenda kila asubuhi kwa hiari yangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa kifo kiliwapata wengine kabla yangu.

Kwa hiyo, ndugu uliyeibiwa, fanya mambo matatu siku ileile. Kwanza, ipigie kampuni ya simu, au benki, uwaambie nambari iliyopokea pesa. Ikiwa pesa haijatolewa bado, huenda wataweza kuizuia. Pili, tunza barua zote na picha zote, usizifute kwa hasira, uzipeleke kwa polisi au kwa mwendesha mashtaka. Nchi yetu ina sheria ya mambo haya, iitwayo kwa Kifaransa Code du numérique, ya tarehe 13 Machi 2023, yenye sehemu nzima juu ya makosa yanayotendwa kwa simu na intaneti. Tatu, waambie watu: nyumbani, mtaani, katika kikundi. Taja jina la ukurasa na nambari ya simu. Sema: «Mimi nimeibiwa hapa, ninyi msipite.» Neno hilo laweza kuokoa chakula cha watoto usiowajua.

Nawe unayesikia habari ya mwenzako, usicheke. Mwambie: «Pole. Asante kwa kutuambia.»

Neno kwa vijana wanaouza

Vijana wetu wengi siku hizi huuza kwa simu, nao hupata riziki ya haki. Nawaomba jambo moja. Thoma yuleyule afundisha kwamba mwuzaji akijua kitu chake kina kasoro iliyofichika, yenye kumletea mnunuzi hasara au hatari, yampasa kuisema. Simu iliyotengenezwa mara mbili, usiiite mpya. Kitenge kinachotoa rangi, sema kwamba chatoa rangi, upunguze bei. Wala usitumie picha ya kitu cha mtu mwingine kwa sababu ni nzuri kuliko ya kwako. Hivyo wawafundisha wanunuzi kuzoea picha za uongo, na mwizi akija hawatamtambua. Na mnunuzi akikuuliza sana, usimjibu kwa ukali. Huenda jana alilia.

Mwisho

Mwaka huu wamama wametaka tena kitenge cha Noeli. Nilidhani watamtafuta mtu mwingine. Yule bibi mzee akasema: «Mwalimu ndiye atakayenunua. Yeye sasa anaogopa vizuri.» Wote wakacheka, nami nikacheka nao.

Safari hii tulikuwa watatu, na mke wangu mmojawapo. Tulimpata mwuzaji mwingine, Lubumbashi vilevile. Nikamwomba video na karatasi yenye jina la mtaa wetu, nikamwambia pia kwamba shemeji yangu atapita dukani kwake siku ya Jumamosi. Nilingoja jibu nikiwa na wasiwasi kidogo, nisije nikamkosea. Akanijibu: «Karibuni, Mwalimu. Nimefurahi umeuliza. Hapa wengi hawaulizi, kisha wanatuita wote wezi.»

Kipande cha kwanza kimekwisha kufika. Tumekipima: yadi 6 kamili.

Basi, wasomaji wapendwa, tusiwaite watu wezi bila ushuhuda, wala tusiuite uvivu wetu upendo. Tuulize kwa adabu, tungoje bila haraka, na tukikosea tuseme mapema. Nawatakia wote Noeli njema na Bonane yenye amani.